Ganda Halikupatikana

Usiku wa jana niliota kwamba ni saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, na ganda tupu la risasi limeketi juu ya ripoti mezani kwangu.

Lilikuwa ganda la shaba, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, lenye shingo nyembamba na masizi mdomoni. Lilikuwa limekunja nne. Halikuwa na miguu, lakini lilikuwa limekunja nne. Niliangalia mara mbili.

"Shikamoo, Fundi," likasema.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Sijatoka popote. Sikupatikana."

Nikavaa miwani. Aya ya saba ya ripoti inasema: Ganda husika halikupatikana. Ganda lilikuwa limekalia neno la mwisho.

"Lakini nakuona," nikasema.

"Kuona kwako hakumo kwenye ripoti. Mimi ni ganda lenye nidhamu. Nikiandikwa kwamba sipo, sipo. Nimekuja kuuliza tu kama sipo kwa muda au sipo moja kwa moja, ili nijipange."

Nilikuwa na hasira. Naitaja kama ninavyotaja joto la chumba: ilikuwepo, na ingeweza kupimwa. Ilikuwa na umri wa wiki tatu.

Nje ya ndoto mambo yako hivi. Mimi ni fundi wa silaha. Nilikaa jeshini miaka kumi na tisa, na sasa nina miaka saba katika klabu ya shabaha nje kidogo ya mji wa Same, pale mashamba ya mkonge yanapoishia. Klabu ina bastola moja kuukuu iliyotoka kwenye akiba ya jeshi. Nchi iliyoitengeneza haipo tena kwenye ramani, na kiwanda cha risasi zake kilifungwa zamani. Kwa hiyo kila tukipiga, tunainama kuokota maganda. Nayaosha, nayanyoosha, nasukuma nje fataki iliyokwisha kuwaka, yaani kile kidude cha kitakoni kinachogongwa ili kiwashe baruti, naweka mpya, napima baruti, nakalisha kipande cha risasi juu yake, kisha nafunga mdomo. Ganda moja hufanya kazi mara nyingi. Halifanyi milele. Siku moja shingo hupasuka, na kwa siku hiyo nimeandika kanuni ya kwanza ukutani, kwa mkono wangu na kwa rangi nyekundu: GANDA LENYE UFA HALIJAZWI TENA. Lenye ufa nalikwaruza alama ya X kitakoni na kulitupa ndani ya kopo lililoandikwa MAKAPI.

Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, ganda lilipasuka ndani ya bastola. Aliyeshika bastola alikuwa Mzee Eliamani Tenga, msimamizi wa uwanja, akiijaribu kwa risasi alizojaza mwenyewe asubuhi hiyo, kabla mgeni rasmi hajafika. Alipoteza jicho la kulia. Katibu wa klabu, Bwana Kinunda, ameandika ripoti kwamba Mzee Eliamani, kwa uzembe wake mwenyewe, alimimina kipimo cha baruti mara mbili katika ganda moja. Ripoti inasubiri saini moja. Saini hiyo ni yangu, na inatakiwa Jumatatu saa tatu. Ikipatikana, Mzee Eliamani atatoka hospitali kwenda kujibu mashtaka.

Katibu aliniletea ripoti mwenyewe siku ya Ijumaa, pamoja na soda mbili. Alizifungua zote mbili, akazinywa zote mbili. Alinieleza kwamba klabu ni familia, kwamba mzee ni mzee na mikono hutetemeka, kwamba mahakimu wana huruma. Mlangoni aligeuka akasema jambo moja ambalo nililisikia vizuri.

"Dada Naelijwa, ripoti hii inakulinda na wewe. Isome taratibu."

Ndotoni, basi, nilikuwa nimechelewa saa moja na dakika kumi, na ganda lilikuwa linasubiri jibu.

"Nionyeshe kitako," nikaliambia.

Likajipindua kichwa chini, mdomo wake ukagusa karatasi. Kitakoni kulikuwa na X. Mkwaruzo ulikuwa wangu. Mstari wa pili huwa naukata mfupi kuliko wa kwanza. Shingoni kulikuwa na ufa ulioanzia mdomoni.

"Hiyo X uliniwekea tarehe tatu mwezi wa pili," likasema, likiwa bado kichwa chini. "Mle ndani ya kopo wakanifanyia sherehe ya kustaafu. Fundi, nyumba ikiwekewa X na watu wa barabara, hubomolewa. Mimi nilipowekewa X niliitwa kazini. Naomba ufafanuzi."

"Nani aliyekuita?"

"Swali hilo halimo kwenye ripoti."

Likajipindua tena, likakunja nne. Nikaona kwamba jambo hili linahitaji mashahidi. Nikainuka, nikafungua mlango wa ofisi, nikaingia ndani ya mtutu wa bastola.

Ni mrefu kama ukumbi wa shule na duara kama bomba. Ukutani kuna mifuo minne inayojipinda kuelekea kulia, na viti vimepangwa kufuata mifuo. Waliokaa mwanzoni wamekaa kawaida. Waliokaa katikati wananing'inia vichwa chini. Walioko mbele wamerudi kukaa kawaida, lakini wanaonekana kuchoka. Hakuna anayelalamika, kwa sababu ratiba inasema wageni wakae kwa kufuata mifuo.

Katibu yuko darini, amevaa suti na beji ya Mwenyekiti wa Kamati. Tai yake imening'inia kuelekea kwetu kama kamba ya ndoo kisimani.

"Itifaki imezingatiwa," akasema.

"Itifaki ipi?" sauti ikauliza kutoka kwenye kuta zote. Ilikuwa ni bastola yenyewe. "Mwenyekiti ni mimi. Mmekaa ndani yangu, naomba msiteme mate. Nchi yangu imefutwa, wimbo wake nimeusahau, na tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa swali. Watu huniuliza kwa kidole tu. Leo nataka kusikiliza. Shahidi wa kwanza."

Shahidi wa kwanza alikuwa Baruti. Zilikuja punje elfu na zaidi, kijivu, ndogo kuliko mbegu za mchicha, zimepanga mstari, kila moja imeshika kadi ya kliniki. Waliziomba kadi, wakazikagua. Kila kadi ilikuwa na nukta moja.

"Mlipimwa mara ngapi?" nikauliza.

"Mara moja, Fundi. Aliyetupima ni Mzee Eliamani. Alitushusha kwenye mizani polepole, akasubiri mshale utulie, kisha akatuandika."

"Mlipimwa mara mbili," Katibu akasema kutoka darini.

Punje zikatazamana. Ile ya mbele, yenye sauti ya mama aliyezoea foleni, ikajibu kwamba kama wangepimwa mara mbili, wenzao wangekaa wapi?

Hili linahitaji maelezo, nami nikalieleza mbele ya kikao. Kipimo kimoja cha baruti hii kinajaza zaidi ya nusu ya ganda hili. Vipimo viwili haviingii. Ukivimimina, kilichozidi kinamwagika mezani, na hata kipofu atakisikia chini ya vidole. Hilo si suala la maoni. Linaweza kujaribiwa kwa kijiko cha mchele.

Wakalijaribu palepale. Ganda likaletwa, likawekwa wima. Punje elfu za kwanza zikaingia zikaketi, zikafika juu ya nusu. Kundi la pili likafika likiwa na mabegi. Nusu yake ikapanda, nusu nyingine ikabaki nje imesimama.

"Nafasi hakuna, dada," wa ndani wakawaambia wa nje. "Subirini ganda jingine."

Kundi la nje likaketi sakafuni juu ya mabegi yake. Kikao kizima kiliona.

"Ushahidi huu ni wa kihisia," Katibu akasema, na karani wa kikao akaandika hivyo.

Hapo hasira yangu ilipanda. Niliisikia ikipanda shingoni kama maji kwenye mrija. Niliitazama mizani. Niliwatazama walioketi sakafuni, ambao walikuwa hisia, kwa mujibu wa karani.

"Shahidi wa pili," bastola ikasema.

Akaingia mtu mmoja mfupi sana, mviringo, ana shimo katikati ya paji la uso. Akatoa kofia.

"Naitwa Fataki," akasema. "Sio yule wa kwenye mabango anayewarubuni watoto wa shule. Tumefanana jina tu. Nimelieleza hilo mara nyingi na nimechoka."

Kikao kikatikisa kichwa kumpa pole.

"Kazi yangu ni kukasirika mara moja," akaendelea. "Ndiyo ajira yangu yote. Jumamosi ile, saa mbili na dakika arobaini, nikagongwa kwenye paji la uso, nikakasirika. Baruti ikaungua. Haikulipuka, iliungua, kama inavyopaswa. Ndugu zangu hawa si wahuni. Lakini moto badala ya kwenda mbele nikausikia unatokea ubavuni. Ganda lilikuwa na ufa kabla mimi sijafika. Niliukuta kama mpangaji anavyokuta ufa wa ukuta."

"Unaweza kukasirika tena, utuonyeshe?" Katibu akauliza.

"Hapana. Yangu nimeshaitoa." Akanigeukia mimi. "Na wewe, Fundi? Umegongwa mara ngapi?"

"Kila siku, wiki tatu."

"Na hujawaka?"

"Sijawaka."

Fataki akaligeukia baraza. "Hii ni mbovu," akasema. Hakuwa na kejeli. Alisema kama ninavyosema mimi mwenyewe nikiwa kazini.

Sasa, kuna kanuni. Fataki ikigongwa isiwake, hufungui bastola. Unaelekeza mtutu kwenye shabaha, unageuza uso, unahesabu hadi thelathini, kwa sababu pengine haijafa. Pengine imechelewa tu. Kanuni hiyo pia nimeiandika mimi ukutani, na kikao kilikuwa kimeisoma.

Wote wakasimama. Wakarudi nyuma hatua kumi, waliokuwa darini wakirudi nyuma darini. Wakageuza nyuso. Karani akaanza kuhesabu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Nimesimama peke yangu katikati ya mtutu. Nina baruti, nina risasi, nimegongwa. Nasubiri kama wanavyosubiri wao.

"Kumi na nane. Kumi na tisa."

Mtoto wa mtu fulani akaziba masikio. Mama yake akamwambia azibe vizuri.

"Ishirini na tisa. Thelathini."

Hakikutokea kitu. Watu wakarudi kwenye viti vyao, wengine wakinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Katibu akarekebisha tai yake, ikaendelea kuning'inia kuja chini.

Mwisho wa mtutu, kule kwenye mwanga, nikaona kiti kimoja. Amekikalia Mzee Eliamani, na nyuma ya kichwa chake kuna duara za shabaha, nyeupe na nyeusi. Bandeji imefunika jicho la kulia. Nikamwendea. Ilinichukua muda, kwa sababu kila hatua ilinizungusha, na njiani nilitembea darini mara moja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Afande." Huniita Afande ingawa ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mbili; alianza kwa utani, akasahau kuacha. "Unajua, uwanjani tulikuwa tunahangaika kufumba jicho moja ili tulenge. Mimi nimerahisishiwa."

Maneno hayo aliniambia kweli Alhamisi iliyopita, wodini, huku akimenya chungwa kwa mkono mmoja. Siku ile mimi nilicheka kidogo, na yeye akacheka zaidi, kisha akaniuliza kama uwanja umefagiliwa. Hakuuliza lingine. Niliondoka nikiwa na deni la swali ambalo hakuuliza.

Ndotoni akaliuliza.

"Afande, asubuhi ile maganda ya mgeni rasmi hayakutosha, nami nilipokea kisanduku kingine cha maganda kutoka kwa Katibu. Aliniambia umeshayakagua, kwamba X ni alama ya ukaguzi wako, na nikaamini, kwa sababu daftari la stoo lilikuwa na saini yako. Sasa nakuuliza wewe. Kopo la makapi ulilikutaje?"

Nikafungua mdomo.

"Fundi amechoka," Katibu akasema kwa upole. Alikuwa amesimama nyuma yangu, safari hii miguu chini. "Mnamuona amechoka. Ajazwe upya."

Na hapo sipo tena kwenye mtutu. Nimesimama wima kwenye meza yangu ya kazi, ndani ya mashine yangu ya kujazia, ile ya kijani yenye mkono mrefu wa chuma. Kimo changu ni sentimita mbili na nusu. Juu yangu, ukutani, naona mwandiko wangu mwekundu, mkubwa kama mabango ya uchaguzi.

Wananiosha kwa maji ya moto na siki. Halafu Katibu anashika mkono wa mashine.

"Sasa ananyooshwa," anawaambia wageni, kama mtu anayetembeza watu kiwandani. "Mtu akipinda, ananyooshwa. Hatuna chuki naye."

Nanyooshwa. Siwezi kusema inauma. Ni kwamba baada yake huwezi kukumbuka ulikuwa umesimama vipi. Kisha sindano ya chuma inapita katikati yangu na kusukuma nje fataki yangu. Inaanguka sakafuni, inabingirika, inalala chali. Naitazama. Haikuwa mbovu. Alama ya nyundo ilikuwa pembeni kidogo, upana wa ukucha kutoka katikati. Wiki tatu nilikuwa napigwa pembeni, nami nikidhani nimegongwa.

Wananiwekea mpya. Ni laini na ina harufu ya soda.

"Panua mdomo," Katibu anasema.

Napanuliwa mdomo. Badala ya baruti anamimina ripoti, aya kwa aya, akiipima. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya saba ni nyepesi kuliko zote na inaingia bila sauti. Juu yake anakalisha kipande cha risasi. Ni risasi yenyewe, ile ya madini, baridi na nzito. Inakaa juu ya ulimi wangu kama jiwe la kuzuia karatasi.

"Limebaki jambo moja dogo," Katibu anasema. "Kufunga mdomo."

Anashika mkono wa mashine. Mkono haushuki.

"Samahani, mkubwa," mashine ikasema. Ni mashine ya zamani, yenye adabu za muuguzi wa zamu ya asubuhi. "Siwezi kufunga kabla sijauliza. Ni kanuni ya kwanza, imeandikwa pale. Mama, una ufa?"

Katibu akainama karibu. Alinuka soda. Sauti yake ilikuwa ya kaka.

"Sema huna, dada yangu. Nani hana ufa? Mimi ninao, karani anao, hata huyu mzee wako. Tunajazwa, tunaendelea. Ufa ni ule unaotajwa. Usiotajwa ni mstari tu."

Nikafikiri kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo ninavyofikiri.

Jumamosi ile niliingia stoo saa mbili na dakika tano asubuhi. Kifuniko cha kopo la makapi kilikuwa mezani. Kopo lilikuwa kando yake, wazi. Kila jioni nalifunga mwenyewe na kukaza. Jioni ya Ijumaa nilikuwa nimelifunga na kukaza. Nilipaswa kuyahesabu maganda yaliyomo. Yalipaswa kuwa arobaini na moja. Katibu alikuwa amesimama mlangoni, akasema, Fundi, mgeni rasmi yuko njiani, ameshapita mji wa Mwanga. Nikarudisha kifuniko. Nikafungua daftari la stoo, nikaandika: Stoo imekaguliwa. Hakuna dosari. Nikatia saini. Dakika thelathini na tano baadaye Mzee Eliamani alifyatua bastola, akitazama kwa jicho lake la kulia.

Ripoti ya Katibu haitaji kopo. Haitaji daftari. Inamlinda yeye, na kama alivyosema, inanilinda na mimi. Ninayemkasirikia kwa wiki tatu ni Kinunda. Hilo ni kweli. Lakini si kweli yote, na kwa kawaida huwa sikubali vipimo vya nusu.

"Inao," nikasema. Risasi ilikuwa ulimini.

"Rudia, mama, sikukusikia vizuri," mashine ikasema.

Nikaitema risasi. Ikaanguka kwenye kiatu cha Katibu.

"Ninao," nikasema. "Unaanzia mdomoni."

"Basi halijazwi tena," mashine ikasema, ikanyanyua mkono wake wa chuma juu kabisa na kuuacha huko. Katibu akauvuta, akaning'inia kwa mikono miwili, miguu ikaacha sakafu. Haukushuka. Alikuwa bado ananing'inia akiwaeleza wageni kwamba hii ni hitilafu ya kawaida, pale vidole viwili viliponichukua, vikanikwaruza X kitakoni, vikaniangusha ndani ya kopo.

Mle ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Maganda mengine yakasogea kunipa nafasi.

"Karibu, mama. Umestaafu?"

"Bado sijui."

"Keti. Tulikuwa arobaini na moja. Tukabaki ishirini na moja. Pamoja na wewe ishirini na mbili. Tunahesabu kila siku, kwa kuwa hatuna anayetuhesabu."

Nikaketi. Nikajaribu kukunja nne, ikawezekana.

Kisha juu yetu kifuniko kikazungushwa. Mwanga ukaingia, na mkono. Ulikuwa mkono wa mwanamume wenye saa pana ya dhahabu, na saa ilionyesha saa moja na dakika hamsini asubuhi. Saa kama hiyo naifahamu. Hata hivyo huo ni ushahidi wa ndoto, na siutumii. Vidole vikapapasa, vikichagua yanayong'aa. Nilikuwa nimeoshwa kwa maji ya moto na siki. Vikanichagua mimi.

Hapo nikagongwa, safari hii katikati kabisa. Sikuwa na baruti. Sikuwa na risasi. Fataki niliyokuwa nayo ilinuka soda. Kitaalamu hilo haliwezekani. Lakini mahali fulani nikasikia sauti ya karani ikisema thelathini na moja, nami nikawaka.

Niliamka saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili alfajiri. Niliwasha taa. Chumba kilikuwa kama nilivyokiacha. Madirisha yalikuwa yamefungwa, mlango una komeo. Ripoti ilikuwa mezani, haijasainiwa, kalamu iko upande wa kulia.

Juu ya aya ya saba, kwenye neno la mwisho, kulikuwa na pete ya masizi.

Nilichukua kipimo changu cha chuma kutoka kwenye droo. Kipenyo cha pete ni milimita nane na nusu, ambacho ni kipenyo cha mdomo wa ganda la bastola ile. Pete haikuwa kamili. Imekatika mahali pamoja, kwa upana usiofika milimita moja, kama ambavyo ingekatika kama mdomo ulioigonga ungekuwa na ufa. Niliigusa kwa kidole na kunusa. Ilikuwa baruti iliyoungua.

Nilipiga X kwenye ukurasa mzima, mstari wa pili mfupi kuliko wa kwanza, nikiikwepa pete.

Kisha nikachukua karatasi safi. Sentensi ya kwanza niliiandika bila kufuta: Mimi, Naelijwa Mbwambo, fundi wa silaha, Jumamosi hiyo saa mbili na dakika tano asubuhi nilikuta kopo la makapi liko wazi, sikuhesabu, na nikasaini kwamba hakuna dosari. Ya pili ilihusu kipimo cha baruti na ukubwa wa ganda. Ya tatu ilimtaja aliyekuwa amesimama mlangoni, na alichosema.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne niliitia saini.